Mlango wa Chumba cha Pasi

6 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Msalimie mkaza mjomba, umwambie lile sweta alilonifumia halijaibiwa bado, maana bweni zima halina mwizi mwenye roho ngumu ya kulivaa. Bibi je? Bado jioni anakaa mlangoni kuuliza kama mama ametoka kazini? Mimi ni mzima, nimekonda kidogo.

Nakuandikia kwa sababu umekataa simu. Nimeshaizoea hoja yako kwamba simu ni mdomo usio na uso, kwa hiyo usiirudie.

Huu ni mwaka wangu wa mwisho. Kila mwanafunzi lazima atengeneze filamu ya dakika kumi na tano. Wenzangu wanatengeneza mapenzi. Mimi nitatengeneza chumba cha pasi. Ndiyo, kile. Kiwanda cha sare kilichoungua miaka tisa iliyopita, wanawake kumi na mmoja, mama mmojawao. Usianze kugomba kabla hujamaliza kusoma.

Chuo kinatupa kamera kwa siku moja tu, tarehe 20 Juni, pamoja na taa tatu ambazo moja huzimika mtu akipiga chafya. Vifaa vingine tujitafutie. Mshika kamera wangu ni kijana tunayemwita Macho Manne kwa sababu ya miwani yake. Tumepanga shoti ishirini na moja, yaani vipande vya picha, na kufuta kila kisichowezekana. Moto hatutauonyesha. Tutaweka karatasi ya rangi ya chungwa mbele ya taa, na mtu atapunga sinia mbele yake ili mwanga ucheze ukutani. Moshi utakuwa mvuke wa sufuria mbili.

Kwako naomba pasi kumi na moja za mbao zilizopakwa rangi ya chuma, meza moja ndefu inayokunjika ili ipande basi, na mlango. Mlango ndio filamu yenyewe. Nautaka uvunjike, kwa sababu katika shoti ya 21 wanausukuma, unapasuka, wanatoka. Wote. Kwenye filamu yangu mama anatoka. Nitakuja kumwonyesha Bibi, aone kwa macho yake, labda ataacha kuuliza.

Mchoro wa mlango huu hapa. Nimeweka kitasa cha ufunguo usawa wa kiuno, kwa kubahatisha. Ripoti ya tume ilisema tu kwamba mlango "ulikwama kwa joto". Tingatinga lilishazoa kila kitu kabla tume haijafika, na katika chumba kile hakutoka mtu wa kusimulia.

Wako,
Mpwa

*

3 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Mkaza mjomba wako amesoma habari za sweta, amenuna siku mbili, sasa anafuma la pili. Umelitafuta mwenyewe. Bibi hajambo kwa mwili. Jioni anauliza, namjibu "bado kidogo, mama", anaridhika, anaingia ndani kula.

Nimesoma habari za chuo chako nikacheka mpaka patasi ikaniponyoka. Watu wazima, wenye vyeti ukutani, wanafundisha kuogelea kwenye karai! Kamera siku moja! Fundi angekufundisha useremala kwa kukuonyesha nyundo mara moja kwa mwaka, mngemwita tapeli. Huyo wa kwenu mnamwita mhadhiri.

Na hiyo tume usinitajie. Ripoti yake niliisoma kwenye gazeti nililofungiwa misumari dukani, na sijaona kazi bora zaidi ambayo ripoti ile iliwahi kufanya. Kurasa mbili za shukrani kwa tajiri wa kiwanda kwa ushirikiano wake, na mstari mmoja kwa wanawake kumi na mmoja. "Ulikwama kwa joto." Joto! Kana kwamba joto lina mikono. Nchi yoyote utakayokwenda, maskini akifa huuawa na joto, na baridi, na maji, na bahati mbaya. Hauawi na mtu hata siku moja.

Pasi zako nimeanza. Nachonga kwa vipande vilivyobaki kwenye kitanda cha mteja, mbao ngumu, mtazifurahia mkononi. Meza nitaifanyia bawaba katikati na miguu ya kuchomoa. Uniandikie urefu wa huyo mpishi au nani atakayekuwa mama yako, meza isije ikamfika kifuani.

Kula.

Mjomba wako,
fundi wa pasi kumi na moja

*

15 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia Bibi anakula. Umekisia bila kujua: mama ataigizwa na mpishi wa bweni letu, mwanamke mfupi mwenye mabega ya mbeba mizigo. Nilipomweleza hadithi alifuta mikono kwenye aproni akasema, "Mimi sijui kuigiza, mwanangu, lakini kupiga pasi najua." Urefu wake unanifika sikioni. Tupimie meza kwa hilo.

Umeandika ukurasa mzima juu ya joto na hujagusa mlango. Najua una maneno mengi, ndiyo raha yako, lakini tafadhali: mlango. Macho Manne amepanga shoti saba zinazouhusu. Ya 15, viganja vikiupiga. Ya 16, macho ya mama karibu na ufa. Ya 17, kitasa peke yake, kimejaa picha nzima. Na hizo nyingine mpaka utakapovunjika. Bila mlango nina filamu ya watu wanaonyoosha mashati.

Unaweza kutumia plaiwudi nyembamba. Hata boksi lililopakwa rangi. Kwa nje uonekane mlango, kwa nyuma uwe umekatwa kwa msumeno ili usukumwe mara moja uachie.

Wako,
Mpwa

*

20 Aprili

Mpwa wangu,

Hatujambo sote. Mvua imeingia kwenye karakana kupitia tundu ambalo nimekuwa nikimwahidi mkaza mjomba wako kuliziba tangu hajaota mvi. Bibi alipatwa na homa, imepoa.

Pokea pasi kwenye basi la Jumamosi, na meza. Nimefunga kila pasi kwenye karatasi ili rangi isichubuke. Kondakta nimemtisha, ataziheshimu.

Kuhusu mlango. Mwambieni fundi wa chuo. Kama hawana fundi, ondoeni huo mlango kwenye hadithi. Onyesheni nyuso. Mtazamaji si mjinga; akiona uso wa mtu anayetazama mlango, mlango ataujenga mwenyewe kichwani, tena bure, tena mgumu kuliko wangu.

Na kwa kuwa wewe hupendi kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, sikiliza. Shoti yako ya 21 ni uongo. Hawakutoka. Umekusanya watu, taa, masufuria, ili useme walitoka? Tume ilidanganya kwa kalamu, wewe unataka kudanganya kwa kamera. Umesoma miaka mitatu kuwasaidia wale wale! Mlango uliowaua haukuwa boksi. Mlango unaovunjika kwa kusukumwa si mlango, ni pazia lenye majivuno.

Nimeyasema. Kasirika, kisha ule.

Mjomba wako,
fundi wa meza

*

29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Pasi zimefika salama. Ni nzuri mno. Mpishi alishika moja akainusa.

Nimezifungua moja moja kwenye kitanda changu. Karatasi ya pasi ya tisa ilikuwa mchoro wangu wa mlango.

Nakujua. Kila mchoro unaokujia, hata wa mteja mwenye digrii, huwezi kuuacha na kosa. Unatoa penseli nyuma ya sikio unausahihisha, hata kama kazi yenyewe umeikataa. Umekifuta kitasa changu kwa msalaba. Pembeni umeandika kwa mkono wako: "Hapakuwa na kitasa. Komeo la chuma, upande wa nje. Usawa wa goti, sm 48 kutoka chini, anayefunga afunge kwa mguu akiwa amebeba sare. Boliti nne zinazopita ubao hadi ndani, si skrubu. Nati upande wa ndani. Mlango unafunguka kwenda nje."

Sentimita arobaini na nane, mjomba.

Tume haikujua hilo. Gazeti halikujua. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Unajuaje?

Mpwa

*

4 Juni

Mjomba,

Wiki tano. Sijui hali ya Bibi, sijui hali ya mkaza mjomba, na safari hii sikuulizi.

Ulikaa ukumbini siku ya tume. Nilikuwa na miaka kumi na nne, nilikaa pembeni yako, nilikuwa nimeshika mkono wako wa koti. Mwenyekiti aliuliza kama yupo mtu anayejua mlango ule ulivyofungwa. Nakumbuka uliinama ukawa unatazama viatu. Nilidhani unalia. Nikakupa kitambaa changu, na wewe ukakipokea.

Umetukana tume miaka tisa. Umetukana tajiri, msimamizi, magazeti, joto. Nilikuwa nasema mjomba wangu ndiye mtu pekee asiyeogopa kusema. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako.

Tunapiga picha tarehe 20. Mlango nautaka. Uwe ule ule, na komeo lile lile, mahali pale pale. Na uvunjike. Nawe umevunja mambo mengi bila kuombwa.

*

11 Juni

Mpwa wangu,

Bibi hajambo. Nakwambia ingawa hukuuliza.

Ni mimi. Msimamizi wa kiwanda alikuja karakana akasema wezi wanaingia jioni watu wakishatoka, wanabeba sare, anataka chumba cha pasi kifungwe kwa nje. Niliona ni sawa. Stoo hufungwa kwa nje. Sikuuliza kama watu watakuwa ndani, maana nani huuliza swali kama hilo? Baadaye nilisikia kwamba wanafungiwa mchana ili wasitoke kabla hawajamaliza hesabu ya mashati ya siku. Nilisikia, mpwa wangu. Nikasema nitakwenda kuzungumza na msimamizi. Nilikuwa na kabati la harusi la kumaliza. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo moto ukatangulia.

Nimeandika kurasa sita za kueleza kwa nini sikusimama mbele ya tume. Zilikuwa na hoja nzuri. Mkaza mjomba wako alizisoma, akazikunja, akawashia jiko.

Mlango upo kwenye basi la Jumanne. Umbo ni lile, komeo ni pacha wa lile, rangi ile ile ya kijani. Nimetumia plaiwudi na kuirandia mpaka ukiinua kwenye jua inapitisha mwanga. Misumari nimeikata nusu. Utavunjika.

Mjomba wako

*

23 Juni

Mjomba,

Haukuvunjika.

Nikueleze kwa utaratibu, kwa kuwa nikieleza kwa hasira sitamaliza. Tulianza saa moja asubuhi, mlango wako tumeupachika kwenye darasa tupu. Shoti za pasi na meza zilikwenda vizuri kuliko tulivyostahili. Taa mbovu ilizimika mara mbili tu. Mpishi alipiga pasi shati moja kwa kipande cha mbao kisicho na joto, na naapa liliponyooka nililiona.

Saa tisa tukafika 21. Kamera ilitakiwa kurudi saa kumi na moja. Wanawake kumi na mmoja ndani, komeo limefungwa kwa nje, mwanga wa chungwa, mvuke. Nikasema sukumeni. Wakasukuma. Mlango ukalia kidogo ukarudi mahali pake. Nikasema tena. Mara ya tano mmoja akateguka bega. Mara ya tisa nikaingia mimi mwenyewe. Macho Manne akaacha kamera juu ya stendi yake, ikiwaka, akaja naye, miwani mfukoni. Tulisukuma mara kumi na nne. Hapo mahali fulani tuliacha kuigiza. Sijui ni lini. Kuna mtu alikuwa anapiga kelele, na baadaye kwenye sauti tuliyorekodi nikajitambua.

Mwishoni mpishi alikaa chini, akaegemeza mgongo mlangoni, akaniambia, "Haufunguki, mwanangu." Haikuwa kwenye mswada. Kamera ilikuwa bado inawaka.

Tulipotaka kuubeba, komeo lilikuwa limepinda, halisogei. Fundi bomba wa chuo alipita dirishani akaingia upande wetu na spana, akafungua nati nne. Dakika mbili. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu, kama unaona haya.

Filamu yangu inaishia kwa mpishi aliyekaa chini. Mhadhiri ameiona, amesema ni mwisho wenye ujasiri. Nilitaka kumpiga kwa pasi. Sikutaka ujasiri, nilitaka mama atoke. Sasa sina cha kumwonyesha Bibi.

Nimebakiwa na shoti moja, ya 19, niliyoibadilisha baada ya barua yako. Mikono miwili ya fundi ikipachika komeo mlangoni. Hakuna uso. Nitaazima kamera ya mtu, nitaigiza mwenyewe. Mchoro wake huu hapa. Sikuombi uje. Nakuomba uangalie kama mikono nimeiweka sawa, kwa kuwa najua huwezi kuacha kuangalia.

Mpwa

*

17 Julai

Mpwa wangu,

Salamu zako kwa mkaza mjomba nimezitunga mimi, nikampa. Ameuliza kama sweta la pili limekufika.

Jana jioni Bibi aliuliza kama ametoka. Miaka tisa namjibu bado kidogo. Jana nikachuchumaa mbele yake nikasema, "Hatoki, mama. Mlango niliufunga mimi." Alinipapasa uso kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Wewe ni nani?" Akatazama njia, akasema, "Huyu mtoto leo amechelewa." Nikamjibu bado kidogo.

Mlango. Asubuhi ya kuupeleka kituoni niliuinua, ukalegea mkononi kama nguo iliyolowa. Miaka thelathini sijatoa karakanani kitu cha namna ile. Nikapigilia ubao mmoja wa mshazari kwa nyuma, usije ukavunjika njiani. Ulitakiwa kuutoa kabla ya kupiga picha. Sikukuandikia. Nasema nilisahau.

Sasa mchoro wako. Nimeutazama siku nyingi, na penseli ninayo. Umekosea. Umechora mikono miwili, na boliti inayopita haifungwi na mikono miwili. Boliti ikiwa bado haijauma ubao, mtu mmoja akikaza peke yake, boliti nzima inazunguka bure. Lazima mmoja awe nje ashikilie kichwa cha boliti, na mwingine awe ndani akaze nati. Mlango ukiwa umefungwa katikati yao. Mikono ni minne.

Siku ile nilikwenda peke yangu. Nikahitaji mtu. Mama yako alikuwa zamu, akaacha pasi akasema yeye ataingia ndani, nani tena ayajuaye mabaya ya ndugu yake kama yeye. Nilimpa spana ya pili. Nati nne alizibana midomoni, kama alivyobana pini akishona, akawa anazitoa moja moja. Alipobaki na midomo mitupu nikamsikia nyuma ya ubao, anacheka: "Shikilia vizuri, kaka, wasije wakasema ndugu yangu fundi wa kubabaisha."

Nikashikilia. Yeye akakaza.

Kisha akasukuma mlango kwa bega kutoka ndani kujaribu, nikasogeza komeo, akatoka, akasema hapo mwizi atajuta. Akanirudishia spana, akarudi kwenye pasi yake.

Chora upya. Mikono miwili nje, miwili ndani. Ya ndani iwe midogo, yenye alama ya kuungua kwenye kidole gumba cha kushoto. Huyo mpishi wako anaweza.

Nati zilibaki upande wake, mpwa wangu. Spana niliondoka nazo zote mbili.

Mjomba wako,
fundi wa mlango